Mfuko wa kupimia damu leba: kabla ya kuununua, fungua friji

Leba nyingi bado zinakadiria kwa macho damu inayomtoka mama baada ya kujifungua. Mkunga anatazama kanga, pamba na beseni, anaandika "mililita 300", basi. Damu iliyonyonywa na kanga na kuchanganyika na maji ya uzazi haikadiriki, na kadiri inavyozidi ndivyo jicho linavyopunja. Ndiyo maana mfuko wa plastiki wenye vipimo, unaotandikwa chini ya makalio mara tu mtoto akitoka, unapigiwa debe.

Wanaoutetea wanao ushahidi. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023, ulihusu wanawake zaidi ya 200,000 katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Palipotumika mfuko pamoja na tiba ya mkupuo, yaani hatua kadhaa zinazofanywa kwa pamoja, waliovuja damu nyingi waligunduliwa kwa asilimia 93; kwingine 51. Uvujaji wa hatari, yaani kuanzia mililita 1,000, au kupasuliwa tumbo au kufa kwa sababu yake, ulikuwa asilimia 1.6 badala ya 4.3.

Wenye shaka wanauliza: kilichosaidia ni mfuko au tiba? Swali ni la haki. Ukitazama vifo peke yake, tofauti haikuwa ya uhakika kitakwimu. Tena hao ni waliojifungua kwa njia ya kawaida. Upasuaji una hesabu zake.

Tiba yenyewe haina fumbo. Mwongozo wa WHO wa 2025 unataka uanze damu ikifika mililita 500, au 300 huku mapigo yamepita 100 au namba ya juu ya presha imeshuka chini ya 100. Hapo unasugua mji wa mimba ukaze, unaweka oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba) kwenye dripu, unachoma mshipani gramu 1 ya asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu ikome) taratibu kwa dakika 10 (ndani ya saa 3 tangu kujifungua), unatoa mkojo, unakagua michaniko na kondo. Yote pamoja. Kujaribu dawa moja, kusubiri, kisha kutafuta nyingine kunakula muda ambao mama hana.

Kinachokwamisha mara nyingi ni friji. Sanduku la dharura lina kila kitu isipokuwa oksitosini, maana inataka nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto inapungua nguvu, na kwa macho huijui. Karbetosini inayostahimili joto, dawa nyingine ya kukaza mji wa mimba, mikrogramu 100, imependekezwa kwa kuzuia, si kwa kutibu, kwa hiyo haiondoi haja ya friji.

Kwa maoni yetu mfuko ununuliwe, ila si kwa fedha za oksitosini. Na mpangilio wa zamu uguswe pia: mfuko unasomwa kila dakika 15 kwa saa nzima, na mkunga mmoja mwenye akina mama wanne hawezi. Kwa kituo kisicho na damu ya akiba, gari la rufaa liitwe wakati dripu ya kwanza inatundikwa, si baada ya kuisha.