Gari Langu Linaongea, Shida Ni Kijapani

Kila asubuhi nikiwasha gari, kuna mwanamke ndani ya dashibodi ananisemesha Kijapani. Sauti laini, adabu tupu. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikimwitikia "Marahaba, mama," maana nilijua ananiamkia. Nani mwingine atakusemesha kwa upole ule saa kumi na moja alfajiri kama hakuamkii? Juzi nikampa lifti kijana mmoja wa mtaani anayetembeza watalii, Kijapani anacho cha kuombea maji. Akasikiliza, akacheka mpaka akapaliwa.

"Kaka, anasema kadi haijaingizwa."

Kadi gani? Eti ya kulipia barabara kuu za kwao. Kimashine chenyewe kilipandishwa meli pamoja na gari, na hakuna aliyekiambia kwamba tumehama. Kwa hiyo miaka mitatu mama wa watu ananidai kadi ya barabara za Japani, nami niko kwenye foleni ya Mbezi naitikia marahaba.

Nikaenda kumsimulia mke wangu nikitegemea tucheke wote. Hakucheka. "Hilo gari linakwambia mengi tu," akasema huku anachambua mchele, "wewe ndiye husikii." Akaendelea kuchambua.

Sasa nisikilizeni nyinyi, halafu mniambie kama mimi ni mtu asiyejali gari. Gari langu linaoshwa mara tatu kwa wiki. Matairi yanapakwa dawa mpaka yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Viti nimevivisha, usukani nimeuvisha, na pale kwenye kioo cha ndani nimetundika manukato ya nazi, ukipanda unadhani umeingia Pemba. Asiyejali anafanya hayo?

Anayenitia ubaya ni jirani yangu, mzee mmoja aliyestaafu udereva serikalini. Gari lake limepauka, mlango mmoja una rangi isiyofanana na mwenzake. Lakini kila alfajiri kabla hajawasha, anafungua boneti, anachomoa ile stiki ya oili, anaifuta kwa kitambaa, anaichovya tena, anaichomoa, anaiinua kwenye mwanga kama nesi anayesoma kipimajoto. Kisha anachungulia rejeta, pale yanapokaa maji ya kupoza injini. Kisha anainama kuangalia chini kama kuna kitu kimedondoka usiku. Kisha analizunguka gari anagusa tairi moja moja. Mimi nishaoga, nishakunywa chai, nishatoka, yeye bado anatibu.

Siku moja nikamtania: "Shikamoo mzee, leo mgonjwa ana homa?"

"Marahaba. Wa kwangu hana. Wa kwako ulimpima lini?"

Akaja, akanifungulia mlango wa dereva, akanionyesha kwenye nguzo ya mlango kikaratasi kilichopauka chenye maandishi ya Kijapani. Mimi siku zote nilijua ni bei. Kumbe aliyemwaga oili mara ya mwisho kule Japani aliandika imwagwe tena ikifika kilomita 71,400. Mzee akatazama dashibodi, akanitazama mimi, akatazama tena dashibodi. Inasoma 118,000 na ushee. Siyo kwamba sijawahi kumwaga oili, msinielewe vibaya. Nilimwaga mara mbili. Mara nyingine nikawa naongezea tu, kama mchuzi ukipungua. Mzee akaniambia oili ya kawaida, hizi tunazonunua, ukivuka kilomita 5,000 unajidanganya, na kwamba kuongezea siyo kubadili. Nikamjibu kwamba hivyo ni vipimo vya nchi za baridi. Hakunijibu. Wazee wa serikalini wana namna yao ya kukaa kimya, unajiona kama umeandikiwa barua.

Chini kidogo ya pale kuna kibandiko kingine, cha upepo wa matairi. Kimeandikwa 220, ila kwa kipimo chao. Kwenye geji ya kijana wetu wa upepo hiyo ni 32. Na hapa nina manung'uniko ya kweli. Kijana wa upepo anakuuliza, "Ngapi, bosi?" Wewe unajua ngapi? Unamwambia weka wa kutosha. Yeye wa kutosha kwake ni 45. Gari likawa linarukaruka kwenye matuta kama mbuzi wa Idi aliyeona kisu. Nikapeleka kwa fundi, tukafunga shokapu mbili mpya. Likaendelea kuruka. Tukabadilisha bushi. Likaruka. Mzee akapunguza upepo kwa ncha ya ufunguo, psss, psss, gari likatulia. Shokapu zangu za zamani hazikuwa na tatizo. Ziko wapi sasa? Fundi anasema zilichukuliwa na wa vyuma chakavu.

Na tukiwa hapohapo kwenye matairi, kuna yule aliyeniuzia "mpya kabisa, bosi, angalia vinyweleo." Vinyweleo, vile vijimpira vinavyochomoza kwenye tairi jipya, vilikuwepo kweli, nilivishika kwa mkono wangu. Mzee akapiga goti, akasoma pembeni ya tairi namba nne ndani ya kiduara: 0913. Wiki ya tisa, mwaka 2013. Tairi lilizaliwa kabla mwanangu hajaanza kutambaa, na sasa mwanangu ana ndevu tatu. Mpira unakauka hata ukikaa stoo, ndivyo alivyosema, na vinyweleo havina habari hiyo.

Fundi wangu yuko chini ya mwembe, na nampenda, maana hajawahi kunipa habari mbaya kwa mkupuo. Akisema "shida ndogo tu, bosi," andaa laki. Akisema "hii lazima tuifungue," andaa laki tatu. Akinyamaza akaanza kujifuta mikono, uza kiwanja. Kila akimaliza kazi zinabaki bolti mbili tatu kiganjani. Nikimuuliza, anasema hizi za kwao tu, huku hazina kazi. Kwa mantiki hiyohiyo aliniondolea termostati. Eti inazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, na Dar es Salaam joto lipo la bure, ya nini? Nikaona hoja nzito. Toka siku hiyo ile taa ya bluu ya dashibodi ikawa haizimiki mpaka nifike Ubungo, na mafuta yakawa yanaenda kama maji ya kunawa. Mzee alipoeleza kwamba taa ya bluu maana yake injini bado ya baridi, na injini ya baridi inakunywa mafuta na kujila yenyewe, nilikuwa nishaizoea. Rangi yenyewe nzuri.

Taa ya njano yenye kipicha cha injini ndiyo ilinikera. Fundi akaniuliza vizuri tu: "Bosi, tutengeneze au tuizime?" Kutengeneza lazima kwanza tupime, tununue sensa. Kuizima, elfu tano. Ilikuwa tarehe 22 ya mwezi. Wewe ungesemaje?

Breki nazo zikaanza kuimba. Kila nikikanyaga, kiiii, kama ndege. Nikaongeza redio. Kumbe kwenye pedi kuna kibati kimewekwa makusudi kipige kelele pedi zikikaribia kuisha. Sasa Mjapani naye, mtu mwenye akili zote zile, badala ya kuandika "pedi zinaisha," anakuwekea filimbi. Nitajuaje?

Ila kuendesha naendesha vizuri. Waulize wote, isipokuwa waliowahi kupanda. Mzee anasema uache pengo la sekunde mbili: gari la mbele likipita nguzo ya umeme, hesabu mia moja na moja, mia moja na mbili, ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umemganda mwenzio. Kwa spidi 80, anasema, kila sekunde unameza mita 22, sasa piga hesabu mwenyewe. Nilijaribu Barabara ya Morogoro. Sijafika mia moja na moja, kwenye pengo langu zimeshaingia bajaji mbili, bodaboda iliyobeba godoro, na daladala imechomeka pua. Nikarudi nyuma nianze pengo jipya. Wakaingia wengine. Ningeendelea na hesabu ile ningefika kazini jana yake.

Halafu tochi, ile ya askari ya kupimia mwendo. Natoka Kibaha, gari zinazokuja zinaniwashia taa. Moja, ya pili, ya tatu. Nikasema watu wa Pwani wakarimu, nikawawashia na mimi. Mbele kidogo askari kanionyesha picha: ni mimi, 63 penye 50. Picha safi, kuliko ya harusi yangu. Elfu 30. Nilipoanza kueleza, akaomba aone na mtungi wa kuzimia moto. Nikafunga mdomo, nikaomba namba ya malipo.

Yote hayo mngenisamehe. Shida ilikuja siku ya mama mkwe.

Mama alikuwa anakwenda Mlandizi kwenye arobaini ya ndugu yake. Mke wangu akasema utampeleka wewe. Nikaosha gari. Mama akakaa nyuma na kanga zake mbili, akakunjua mkanda akafunga mwenyewe bila kuambiwa, akauliza, "Baba Zawadi, umeangalia maji?" Nikamwambia mama, yapo kwenye buti, katoni nzima. Nilidhani ana kiu. Hiyo katoni nilikuja kukumbuka baadaye kwamba niliiacha barazani.

Tumepita Kibaha, jua la saa saba, ikawaka taa nyekundu. Kipicha chake kama kijahazi kinaelea kwenye mawimbi. Nikaitazama, nikawaza labda ni ile ya bluu imekomaa. Kisha nikakumbuka neno la mzee: gari likianza kuchemsha na huna pa kusimama palepale, zima AC, fungulia hita mpaka mwisho, itasaidia kuitoa injini joto. Nikafanya hivyo. Hita mpaka mwisho. Pwani. Saa saba mchana. Mama mkwe nyuma.

Akavumilia kama dakika moja. Akajipepea na ncha ya kanga. Halafu kwa heshima zote: "Baba, hii ndiyo AC yenyewe?"

Nikaegesha. Mvuke unatoka kwenye boneti kama chungu cha pilau. Wakajaa vijana wa bodaboda, kila mmoja injinia. "Fungua rejeta!" "Mwagia maji!" Nikakishika kifuniko na shati langu, mama akanipigia kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mkwe: "Acha! Unataka kumwacha mwanangu mjane?" Akawaeleza wale vijana wote, mmoja mmoja, kwamba rejeta ya moto haifunguliwi, maji yake yamebanwa, yatakurukia usoni, subirini ipoe. Kumbe marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa lori. Miaka kumi na mbili nimeoa pale, sijawahi kuuliza.

Akaniuliza tembeatatu ziko wapi. Mama, pembetatu? Hizohizo. Zipo nyumbani. Akavua kandambili ya nje, akavaa ya safari, akaingia porini akavunja matawi ya mwarobaini, akayapanga barabarani nyuma ya gari, la kwanza mbali, la pili karibu. Lori zinapunguza mwendo, zinampungia mkono. Zinampungia yeye.

Tukasubiri dakika arobaini na tano. Maji hakuna. Dukani mbali. Akapita muuza madafu na baiskeli. Tukatazamana, mimi na mama. Nikanunua manane. Mama akanywa moja, saba yakaingia kwenye rejeta. Muuza madafu akaniuliza kama gari lingependa na kijiko cha kukombea nyama.

Tulifika Mlandizi kwa mwendo wa msiba. Fundi alipofungua siku ya pili, harufu ya kashata ikatanda chini ya mwembe, watoto wakaja na vikombe. Gasketi imeungua, hedi, yaani kichwa cha injini, imepinda, ikapelekwa kupigwa fesi inyooke. Laki tatu na themanini. Na chanzo? Maji ya bomba niliyokuwa najaza tangu nilinunue gari, yakaozesha rejeta kwa kutu mpaka ikatoboka. Kulenti, lile dumu lenye maji ya rangi, nilishaliona sheli kwa elfu 22, nikasema naibiwa.

Termostati imerudishwa. Taa ya njano pia imerudishwa, na inawaka. Yule mwanamke wa Kijapani anaendelea na kadi yake. Sasa sisemi marahaba, nasema nimekusikia.

Jumapili mama mkwe alipiga simu nimpeleke tena Mlandizi. Nikamfuata. Nimemkuta kasimama mlangoni, kanga begani, na madafu mawili yaliyochongwa mkononi.

"Karibu mama, hilo moja langu?"

"Moja langu," akasema, anafunga mkanda. "Lingine la gari."