Sufuria Haichorwi kwa Kubofya Mara Moja

Inaudhi kuona faili za vekta (michoro ya kompyuta inayoundwa kwa mistari na maumbo yanayoharirika) zikiuzwa eti ni mchoro halisi wa sufuria, kikombe au chupa ya chai, kumbe ukibonyeza Ctrl+Y ndani ya programu ya kuchorea ya Illustrator, ili uone mistari mitupu, unakutana na maelfu ya vipande vya rangi vilivyokatwa na kompyuta kutoka kwenye picha ya simu. Hapo hakuna aliyechora. Mteja akitaka mdomo wa sufuria uwe mwembamba zaidi, au mwanga utokee kushoto, huna pa kushika. Ikipelekwa kwenye bango, mabaka yote yanaonekana.

Uhalisia wa sufuria ya alumini uko kwenye namna mwanga unavyokatika. Wengi huipaka kijivu kinachofifia polepole kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, inatoka kama bomba la plastiki. Metali inayong'aa huakisi kilichoizunguka: dirisha, ukuta, hata shati la mpiga picha. Ndiyo maana nyeupe hukaa bega kwa bega na kijivu kizito bila kupitia rangi za kati. Chora ubavu wa sufuria, uupe gradienti ya mstari (rangi zinazobadilika kutoka upande mmoja hadi mwingine) yenye vituo vya rangi saba hadi tisa, na pale mwanga unapokatika sogeza vituo viwili vikaribiane: kimoja 46%, kingine 48%. Kisha tazama ukingo wenyewe. Giza haliishii pale! Kabla ya ukingo kuna utepe mwembamba uliopauka kidogo, ambao ni mwanga uliorudi kutoka mezani au ukutani. Bila utepe huo sufuria haipati mviringo, hata ukihangaika na mengine siku nzima.

Mdomo ni duaradufu mbili, na pengo kati yake liwe pana zaidi upande wa mbele kuliko nyuma. Mng'ao wake mkali uwe kipande kidogo cheupe, usikitie ukungu. Mikwaruzo ya kusugua ndani ni mistari ya pointi 0.25, nyeupe, yenye uonekano wa 20% hivi, ikifuata mzunguko wa sufuria.

Meshi, yaani wavu wa mistari ambao kila nodi (makutano) hupewa rangi yake, ina wapenzi wake, na kwa embe au biringanya nakubali inafaa kweli. Ila anza na mstatili, ndipo uukunje kufuata umbo. Ukiitia kwenye umbo lenye kona nyingi, mistari hujisokota na rangi huchafuka. Ongeza nodi pale tu rangi inapobadilika. Iliyozidi, shikilia Alt uibofye kwa zana ya meshi, itaondoka. Inkscape, programu nyingine ya vekta, nayo ina meshi tangu toleo la 0.92 la mwaka 2017, lakini vivinjari havichori meshi hiyo vyenyewe, kwa hiyo kazi ya tovuti ifanye kwa gradienti za kawaida na ukungu, au itoe kama PNG, yaani picha ya kawaida ya pikseli.

Vivuli viwe viwili: chembamba chenye giza pale kitako kinapogusa meza, na kipana kilichofifia sana. Ukiacha kile cha kwanza, sufuria inaelea. Rangi yake ni ya meza iliyotiwa giza, si nyeusi tupu.

Kutresi kwa kompyuta, yaani kuiachia programu igeuze picha kuwa vekta, kunasaidia kuokoa nembo ya zamani ya rangi mbili iliyobaki kwenye karatasi, sawa. Lakini anayelipia mchoro wa sufuria apewe mwili, mdomo, mng'ao na kivuli, kila kimoja kwenye tabaka lake lenye jina, aweze kubadilisha anachotaka bila kumrudia mchoraji.