"Shusheni bei!": Nani alikuwa na haki katika ugomvi wa Switch 2?

Tarehe 3 Aprili 2025, siku moja baada ya Nintendo ya Japani kuitambulisha kwa kina Switch 2, mashine yake mpya ya kuchezea gemu, wafanyakazi wa kampuni hiyo walikaa mbele ya kamera wakionyesha gemu zake mubashara kwenye YouTube. Walikuwa wachangamfu, wanacheka, wanakimbizana na vigari vya Mario Kart World. Pembeni, kwenye uwanja wa maoni ya watazamaji, hali ilikuwa nyingine kabisa. Ujumbe mmoja ulikuwa ukimwagika kwa herufi kubwa, mtu baada ya mtu: shusheni bei, shusheni bei, shusheni bei. Waonyeshaji wakaendelea na shughuli yao kana kwamba hawaoni kitu.

Hasira ile ilikuwa imeanza kupikwa jana yake. Onyesho la tarehe 2 Aprili lilichukua kama saa nzima. Wachezaji wakaonyeshwa skrini ya inchi 7.9 badala ya 6.2 ya Switch ya kwanza, hifadhi ya GB 256 badala ya 32, pedi za kuchezea zinazonasa kwa sumaku na kugeuka kipanya cha kompyuta zikilazwa mezani, na kitufe kipya cha kuongea na marafiki huku mnacheza. Bei haikutajwa hata mara moja. Watu wakaenda kuitafuta wenyewe kwenye tovuti, wakaikuta: dola 449.99 kwa mashine, dola 499.99 ikiwa pamoja na Mario Kart World, na gemu hiyo ikinunuliwa peke yake, dola 79.99. Ulaya nakala ya dukani ikawekwa euro 89.99.

Tangu hapo mashabiki wamegawanyika. Upande mmoja unasema Nintendo imelewa sifa. Upande wa pili unasema wachezaji wanalia kama watoto, maana kila kitu duniani kimepanda. Nimefuatilia mabishano haya kwa muda sasa na naona pande zote zimechanganya mambo mawili yasiyofanana: bei ya mashine na bei ya gemu.

Tuanze na mashine, maana haihitaji maneno mengi. Switch ya kwanza ilitoka Machi 2017 kwa dola 299.99. Ukiifanyia hesabu ya mfumuko wa bei wa Marekani, fedha hiyo mwaka 2025 ni kama dola 390. Pengo la dola 60 lililobaki linalipiwa skrini kubwa zaidi, hifadhi mara nane na nguvu ambayo mashine ya zamani haikuwa nayo hata kwa kuota. PS5 Pro ya Sony ilitangazwa Septemba 2024 kwa dola 699.99, bila hata mlango wa diski. Kisha yaliyofuata mwaka 2025 yakawapa watetezi nguvu zaidi: Microsoft ilipandisha bei ya Xbox nchini Marekani mara mbili, Sony ikaongeza dola 50 kwenye PS5, na Agosti Nintendo ikapandisha hata Switch ya zamani, mashine yenye umri wa miaka minane. Zamani konsoli, yaani mashine ya gemu, ilikuwa inashuka bei kadiri inavyozeeka. Kawaida hiyo imekufa, na aliyesubiri Switch 2 ishuke bei baada ya miaka miwili huenda akasubiri meli kiwanja cha ndege.

Kuna na suala la ushuru. Siku ileile ya onyesho, Rais Trump alitangaza ushuru mpya: asilimia 46 kwa bidhaa za Vietnam, ambako Nintendo ilikuwa imehamishia sehemu kubwa ya uzalishaji wake ikikimbia ushuru wa China. Nintendo ikasitisha oda za awali nchini Marekani zilizokuwa zifunguliwe Aprili 9, ikazifungua Aprili 24 baada ya ushuru huo kuahirishwa. Bei ya mashine haikuguswa, ila vifaa vya pembeni vilipanda. Pedi ya Pro ilitoka dola 79.99 hadi 84.99 kabla hata haijafika dukani. Kwa hiyo anayesema dola 450 ni wizi ana kazi kubwa ya kutushawishi.

Lakini Japani wanauziwaje? Hapo mambo yanakuwa matamu. Nintendo ilitoa Switch 2 ya Kijapani pekee kwa yeni 49,980, ambazo kwa viwango vya wakati ule zilikuwa kama dola 335. Mashine hiyo ina lugha moja tu, na inakubali akaunti za Japani tu. Yenye lugha zote iliuzwa kwenye duka la mtandaoni la Nintendo kwa yeni 69,980. Vifaa ni vilevile, tofauti ni kufuli ya lugha. Watetezi wanasema ni busara: yeni imedhoofika, kipato cha Mjapani hakijapanda, na bila kufuli wachuuzi wangebeba makontena kwenda kuyauza Marekani. Sawa. Ila ukishakubali maelezo hayo, huwezi tena kuniambia kuwa dola 450 ni hesabu ya gharama za kiwandani tu. Bei imepangwa kwa kupima mfuko wa mnunuzi wa kila nchi. Hakuna dhambi katika hilo, ni biashara, lakini basi mnunuzi naye ana haki ya kupiga kelele, kwa sababu kelele ni sehemu ya kipimo hichohicho.

Sasa tuje kwenye gemu, ambako naona wapiga kelele walikuwa na hoja nzito zaidi. Watetezi hupenda kukumbusha kwamba gemu za dola 60 zilianza kuzoeleka na Xbox 360 mwaka 2005, na dola 60 za wakati ule zingekuwa karibu dola 97 leo. Wanakumbusha pia kuwa enzi za Nintendo 64, mashine ya miaka ya 1990, kadi nyingine za gemu ziliuzwa dola 70 na zaidi. Yote ni kweli. Wasichosema ni kwamba soko la leo si la 1996. Wakati ule kila nakala ilibeba kadi yenye chipu ghali, na gemu iliyouza milioni chache ilikuwa habari ya kusherehekewa. Mario Kart 8 Deluxe imeuza zaidi ya nakala milioni 65, baadhi zikiwa za kupakua, ambazo hazihitaji boksi, lori wala rafu. Mfumuko wa bei unapandisha gharama za kutengeneza, lakini gharama hizo zinagawanywa kwa wanunuzi wengi kuliko zamani. Kwa hiyo hesabu ya dola 97 ni nusu ya hesabu.

Halafu kuna kijambo kidogo kilichoniudhi kuliko hizo dola 80. Nintendo ilitengeneza Welcome Tour, aina ya ziara ya kukuonyesha mashine yako mpya inafanya nini, ikaipachika bei ya dola 9.99. Yaani umeshatoa dola 450, na kijitabu cha maelezo unauziwa. Wii, mashine nyingine ya Nintendo, ilipotoka 2006, nchi nyingi ziliipata ikiwa na gemu ya Wii Sports ndani ya boksi. PS5 ilikuja na gemu ya Astro's Playroom bure. Dola 10 hazimfilisi mtu aliyemudu mashine, na kifedha hoja hii ni ndogo. Lakini ukitaka kujua kwa nini watu waliandika shusheni bei kwa hasira ile, usiangalie bei moja moja. Angalia mlolongo: bei iliyofichwa kwenye onyesho, gemu ya dola 80, ziara ya dola 10, nyongeza ya kulipia ili gemu yako ya zamani iendeshwe vizuri kwenye mashine mpya, na kadi ya kumbukumbu ya aina mpya, microSD Express, kwa sababu gemu za Switch 2 hazichezeki kutoka kwenye ile uliyokuwa nayo. Kila kimoja kina maelezo yake. Vyote kwa siku moja vilisomeka kama dharau.

Suala la kadi za ufunguo nalo limezua ugomvi wake, na hili linatugusa hata sisi huku Afrika Mashariki. Gemu nyingi za kampuni nyingine zinauzwa dukani kwenye boksi la kawaida, lakini kadi iliyomo ndani haina gemu. Ni ufunguo. Unaichomeka, mashine inapakua gemu kwa intaneti, na baada ya hapo kila ukitaka kucheza lazima kadi iwemo. Wanaoitetea wana hoja moja nzuri ambayo wapinzani huiruka: kadi hiyo unaweza kumuazima mwenzio au kuiuza, jambo lisilowezekana kwa gemu uliyoipakua kwa akaunti yako. Ni afadhali kuliko boksi lenye karatasi ya namba za siri tu.

Lakini afadhali hiyo inategemea intaneti na seva ya mtu mwingine. Duka la mtandaoni la Wii U na 3DS, mashine za zamani za Nintendo, lilifungwa kwa manunuzi Machi 2023. Walionunua zamani waliachiwa mlango wa kupakua tena, ila hakuna aliyeahidi kuwa mlango huo utakuwa wazi milele. Na kwa mchezaji wa Mwanza au Kisumu tatizo haliko mbali hivyo, liko kwenye bando la wiki hii. Gemu kubwa hula makumi ya GB. Nintendo haina duka rasmi la mtandaoni la Tanzania wala Kenya; anayeitaka Switch huku huipata kwa wachuuzi, mara nyingi kupitia Dubai, kisha anafungua akaunti ya nchi nyingine. Dola 450 ni zaidi ya shilingi milioni 1.1 za Tanzania, au kama shilingi 58,000 za Kenya, kabla hujaweka usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Ndiyo maana kwenye vibanda vyetu vya gemu unakuta PlayStation na mpira, na anayecheza analipia mechi. Switch ni ya wachache, na kwa wachache hao kadi yenye gemu kamili ndani yake ni kitu cha thamani: unaicheza umeme ukiwepo, intaneti iwepo isiwepo. Kampuni ya CD Projekt Red waliiweka gemu yao, Cyberpunk 2077, yote kwenye kadi ya GB 64, na wachezaji wakawapigia makofi. Inawezekana, basi. Ni gharama tu ambayo kampuni nyingi hazitaki kuibeba, na zimeona heri mteja aibebe.

Kisha Juni 5 ikafika, mashine ikaanza kuuzwa. Siku nne, milioni 3.5, rekodi kwa konsoli yoyote ya Nintendo. Japani walikuwa wameomba watu milioni 2.2 kwenye bahati nasibu ya kampuni ya kupata tu nafasi ya kununua, ingawa waombaji walitakiwa wawe wamecheza Switch ya zamani saa 50 na kulipia huduma ya mtandaoni angalau mwaka mmoja. Kufikia mwisho wa Septemba zilikuwa zimeuzwa milioni 10.36. Watetezi wakaona kesi imefungwa: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Mimi sioni kama imefungwa. Switch ya kwanza iliuza zaidi ya milioni 150. Hao milioni 10 hawafiki hata saba kwa mia ya jamii hiyo, na ndio wale ambao wangenunua kwa bei yoyote. Isitoshe, wengi walichukua ile ya dola 499.99, ambamo Mario Kart World inakugharimu dola 50. Nintendo yenyewe iliwapa watu njia ya kuikwepa bei waliyokuwa wakiilalamikia, halafu mauzo yakasomwa kama ushahidi kuwa bei haikuwa na tatizo.

Historia inaonyesha kelele hufanya kazi kwa masharti. Mei 2013 Microsoft iliitangaza Xbox One ikidai mashine iunganishwe kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24, na ikiweka vizuizi kwa gemu za mtumba. Mashabiki wakawaka. Juni, Sony wakasimama jukwaani, wakataja dola 399 kwa PS4, dola 100 chini ya mpinzani, na wakasema diski za mtumba ruksa. Tarehe 19 mwezi huohuo Microsoft wakarudi nyuma. Mwaka 2011 Nintendo iliishusha 3DS kutoka dola 249.99 hadi 169.99 miezi michache tu baada ya kutoka, na rais wake, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara. Huko hata kelele hazikuhitajika sana. Mashine zilikuwa hazitoki dukani. Mnunuzi anasikilizwa akiwa na mlango wa pili wa kupitia, au akiamua kweli kubaki na hela yake. Anayemtaka Mario hana mlango wa pili. Steam Deck, mashine ya mkononi ya kampuni nyingine, ni nzuri, lakini Mario Kart haiuzwi humo.

Hata hivyo, waliobeza kelele zile watazame kilichotokea kwa majirani. Mei 2025 Microsoft ilitangaza kuwa nayo itaanza kuuza gemu zake mpya kwa dola 79.99, na The Outer Worlds 2 ikawekwa bei hiyo. Julai ikaghairi, ikairudisha dola 69.99 na kuwarejeshea fedha waliokuwa wamelipa mapema. Nintendo wenyewe waliitoa Donkey Kong Bananza kwa dola 69.99, na Metroid Prime 4 vilevile. Bei rasmi ya Mario Kart World haikushuka hata senti.