Nyoka mla konokono aachwe aishi

Hapa Tanga nyoka akionekana uani, hakuna anayeuliza ni wa aina gani. Mmoja anaitisha fimbo, mwingine jembe, watoto wanafukuziwa ndani, na punde kichwa kimeshapondwa. Hofu yenyewe naielewa. Koboko, swila na kifutu wapo, na kuumwa na kifutu shambani, mbali na zahanati, si jambo la kupuuza. Ninachokataa ni kuwaua wote kwa kosa la wachache.

Yuko mmoja ninayemtetea hasa: Duberria lutrix, aliyeelezwa kitaalamu na Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, mwaka 1758. Ni mfupi, kwa kawaida hafiki hata nusu mita, ana mgongo wa kahawia na kichwa kidogo kisichoachana sana na shingo. Sumu hana. Chakula chake ni konokono, wenye gamba na wasio nalo. Hunusa ute walioacha njiani na kuufuata mpaka awafikie. Mwenye gamba humshika penye nyama akamvuta nje. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai.

Akitishwa hujiviringisha kama msokoto wa tumbaku, akaficha kichwa katikati na kutoa harufu mbaya. Basi. Hilo ndilo linaloniuma: nyoka asiyekimbia wala kuuma ndiye rahisi kuliko wote kuuawa kwa jembe.

Anapatikana kuanzia Afrika Kusini hadi Ethiopia, kwenye majani yenye unyevu, chini ya mawe na magogo, hata bustanini. Huku kwetu karibu na Ikweta hupenda nyanda za juu zenye ubaridi, kwa hiyo usitarajie kumkuta chini ya minazi ya pwani. Anayepaswa kumjua kwanza ni mkulima wa kabichi na saladi kwenye baridi, yule anayeamka na kukuta majani yametobolewa na ute unang'aa kwenye tuta. Mkulima huyo huyo hununua vidonge vya metaldehaidi, sumu ya kuulia konokono, akavimwaga shambani, na mbwa akivila anaweza kufa. Mfanyakazi wa bure anauawa, sumu inalipiwa. Sioni faida yake.

Nyoka walao konokono wako pia mbali na Afrika, kwa ukoo tofauti kabisa. Visiwa vya Ishigaki na Iriomote, Japani, vina nyoka aitwaye Pareas iwasakii. Taya lake la chini lina meno kama 25 kulia na 18 tu kushoto, kwa sababu konokono wengi gamba lao huzunguka kuelekea kulia. Mdomo mzima umeumbwa kwa ajili ya mlo mmoja! Kila nikilifikiria hilo nazidi kuona ugumu wa kumwita kiumbe kama huyu adui.

Sisemi mtu amshike nyoka kwa mkono. Wapo nyoka wadogo weusi wanaochimba ardhini, ambao hutoa jino la sumu kwa pembeni hata mdomo ukiwa umefumba. Ukiwabana shingoni wanakuchoma. Ninachotaka ni maafisa ugani na walimu wa shule za msingi wawe na picha za nyoka wa eneo lao, wenye sumu na wasio nayo, na wazibandike ukutani watu wazione. Na ukikuta msokoto mdogo wa kahawia chini ya jiwe kando ya tuta, lirudishe jiwe taratibu, uendelee na palizi upande mwingine.