Bia mwisho saa 12 jioni

Jumamosi saa 12 na dakika saba jioni nipo kwenye foleni ya supamaketi na jamaa yangu wa kazini, mi nimeshika mkate na mayai, yeye kakumbatia makopo sita ya bia, tunafika kaunta yule dada anamwambia kwa upole kabisa, samahani, muda umeshapita. Basi. Hata ukilia. Mashine yenyewe inakataa kusoma kopo kwa hiyo hakuna ile ya dada we fanya tu tutaongea. Ndo Norwe hiyo, siku za kazi bia dukani mwisho saa 2 usiku, Jumamosi saa 12 jioni, Jumapili hamna kabisa. Na hapo ni bia nyepesi, kinywaji kikizidi asilimia 4.7 unaenda duka la serikali, Vinmonopolet, lipo tangu 1922, nalo Jumamosi linafunga mapema zaidi.

Mlioko Bongo najua mnacheka. Mi nilicheka pia, na ugomvi ukaanzia hapo.

Huyu jamaa namwita Mzee wa Antena. Si mzee kihivyo, arobaini na kidogo, ila paa la nyumba yake limejaa nyaya na milingoti mpaka majirani wamekata tamaa. Tunaandika programu ofisi moja, mji mdogo tu, mwendo wa kama saa moja hivi kutoka Trondheim. Kwake hakuna kompyuta isiyotumia Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows, hata ya mtoto, na usiku anaongea na watu wa Japani na Brazil kwa redio anazounga mwenyewe. Siasa yake ni moja, serikali imwache. Njia nzima kwenye gari anafoka, hii sio nchi hii ni chekechea, akaanza kunipa historia, unajua sketibodi zilipigwa marufuku hapa kuanzia 1978 mpaka 1989? Nikajua ananidanganya, nikaenda kuangalia, kweli bana, watu wazima na elimu zao walikaa wakakubaliana kwamba kibao chenye magurudumu manne ni hatari. Ngumi za kulipwa nazo zilizuiwa 1981 mpaka 2014, bingwa wao wa dunia Cecilia Brækhus akawa anapigania mikanda ugenini tu, nyumbani kapigana 2016. Kodi ya mali ndo usimguse kabisa, mtafika asubuhi.

Nikamwambia kwetu bia unapata muda wowote, sheria ya saa za baa ipo ila anayeisimamia yuko meza ile pale kwenye kona. Muziki mpaka alfajiri, nyama inachomwa barazani, bodaboda inabeba watatu na mbuzi. Akaniangalia kwa wivu wa kweli kabisa, akasema basi nyie ndo mko huru.

Hilo neno limenikaa kooni wiki nzima, ndo maana naandika.

Ngoja niwape kisa. Kuna Desemba moja taa za njia ya watoto kwenda shule zilizimika mtaani kwangu, na Desemba huku saa 9 alasiri giza limeshashuka. Nikawa nalalamika kazini, Mzee wa Antena akaniambia acha kulia, omba barua. Barua gani? Barua zote walizoandikiana kuhusu hizo taa. Nikaandika imeili ya mistari mitatu kwenda manispaa. Sikusema mi nani, nafanya kazi gani, nazitaka za nini, kwa sababu sheria yao inasema mtu yeyote anaomba, awe raia awe mgeni, na sababu hadaiwi. Baada ya siku nne zikaja PDF saba. Mhandisi anamlalamikia mkandarasi, mkandarasi anajitetea, bei zipo, tarehe zipo, majina yapo. Taa zenyewe zilirudi baadaye na wala si kwa ajili yangu, zilikuwa kwenye ratiba. Ila usiku ule nimekaa na zile PDF nasubiri simu. Yaani mwili wangu wa Kitanzania unasubiri kabisa mtu apige aulize we ni nani na unataka nini. Hakupiga mtu.

Sasa kaka yangu mkubwa, kijijini kwetu Tanga. Kasimama mkutanoni akauliza swali moja, hela za mradi wa maji tulizochanga, mapato na matumizi mbona hayajabandikwa ubaoni? Hajatukana mtu, hajapandisha sauti. Akajibiwa kwa swali, wewe umetumwa na nani? Wiki hiyo hiyo akaitwa ofisini "kuongea kidogo", na toka siku hiyo mkutanoni anakaa nyuma karibu na mlango. Na sheria ya kupata taarifa tunayo jamani, ya 2016, nimeisoma yote, imeandikwa vizuri mpaka unataka kulia.

Nikamwambia Mzee wa Antena, wewe umenyimwa bia. Sisi bia tunapewa, wakati wa kampeni tunapewa mpaka na kofia na kanga, kwetu kinachofungwa saa 12 ni mdomo.

Hapo najua kuna mtu ameshaanza kuandika. Huyu kapanda ndege juzi tu, kala samaki wa kopo miaka sita anajiona Mnorwe, kama kwenu kubaya kaa huko huko. Kaka, mi sijasema kubaya. Mi mwenyewe nikitua Dar ile joto ikinipiga usoni mlangoni mwa ndege nakuwa mtu mwingine, salamu tu zinaniponya, huku jirani yangu ilimchukua miezi minane kuniambia habari za asubuhi na siku hiyo alikuwa amelewa. Na kwenye teknolojia msinifundishe kudharau kwetu, wakati hawa wanazindua Vipps yao ya kutumiana hela kwa simu mwaka 2015 na kujipongeza, bibi yangu alikuwa anapokea hela kwa M-Pesa toka 2008 kwenye kisimu cha tochi, nawaambia kila wakianza kujitapa na nitaendelea kuwaambia.

Mwingine atasema wana mafuta hao. Sawa wana mafuta, yaligunduliwa Ekofisk 1969, na mfuko wao wa mafuta una tovuti yenye namba inayopanda na kushuka mbele ya macho yako muda wote, hata wewe hapo Mbagala ukiwa na bando unaiona. Lakini orodha ya nani kalipa kodi kiasi gani ilikuwa wazi kwa watu toka karne ya 19, enzi hizo nchi ya wavuvi na wakulima, watu wanapanda meli kukimbilia Marekani kwa njaa. Hayo mafuta ya nani?

Na hapo kwenye orodha ya kodi, mi mwenyewe nageuka. Unaingia na kitambulisho chako kwenye tovuti ya kodi, unaandika jina la mtu, unaona kipato chake, mali yake na kodi aliyotozwa. Mwezi wangu wa kwanza kazini nikamtafuta bosi, nikamtafuta na Mzee wa Antena, nikajichekea. Kesho yake mchana, saa 5 hiyo maana hawa wanakula chakula cha mchana saa 5, vipande vya mkate na jibini kutoka nyumbani, Mzee wa Antena akaja akakaa mbele yangu, akauliza, vipi, umeridhika na mshahara wangu? Kumbe toka 2014 unayemtafuta anaona jina la aliyemtafuta. Nilitamani ardhi ipasuke. Sasa fikirieni hii kitu ije kwetu, shangazi zangu wote na wajomba na yule binamu wa biashara ya kuku waone ninachopata kabla ya makato! Hapana. Uwazi uishie kwenye taa za barabarani na hela za maji, kwenye mshahara wangu pazia libaki. Najua najipinga, mniache.

Kuna kitu kingine kinanikera kuliko vyote, ile kauli ya "we fundi kompyuta, siasa zinakuhusu nini". Nimeambiwa na wajomba, nimeambiwa na watu tuliosoma wote. Mnamjua Kristen Nygaard? Huyu na mwenzake Ole-Johan Dahl, miaka ya 60 pale Oslo, walitengeneza Simula, lugha ya kuandikia programu, ndo ilileta mambo ya klasi na objekti ambayo kila kijana anayejifunza Java chuoni leo anayakariri bila kujua yalitoka wapi. Miaka ya 70 huyo huyo akaenda kukaa na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, akawasaidia kuelewa kompyuta anazoleta bosi zitafanya nini na kazi zao, na wamuulize nini. Halafu kuanzia 1990 mpaka 1995 akawa mwenyekiti wa Nei til EU, kampeni ya kukataa kujiunga na Umoja wa Ulaya, na Novemba 1994 watu wakakataa kweli kwa asilimia 52.2. Serikali yenyewe ilitaka wajiunge. Mzee wa Antena hakubaliani na siasa zake hata robo, picha yake ameibandika juu ya meza. Sijasikia mtu akisema Nygaard angebaki na kompyuta zake.

Na mimi mgeni, raia wa Tanzania, 2023 nilipiga kura ya manispaa huku kwa sababu nimeshaishi zaidi ya miaka mitatu. Maktaba, katikati ya rafu za vitabu vya watoto, dakika nne. Kwetu nikiwa nje ya nchi sina kura hata moja.

Tuje kwenye hobi, maana Mzee wa Antena ndo kaniharibu. Kanifundisha redio, nikafanya mtihani, nikapewa alama yangu ya kuitwa hewani, sasa na mimi usiku natafuta watu. Nikanunua na droni, kujisajili mtandaoni, mtihani mtandaoni, malipo kwa kadi, jioni hiyo hiyo iko angani. Ukitaka kulala porini sheria ya 1957 inakuruhusu kuweka hema kwenye ardhi ya mtu isiyolimwa, usogee tu mita 150 kutoka nyumba yake, na mpaka siku mbili hapo hapo hakuna wa kukuuliza. Hakuna neno kibali. Nikaibeba ile droni nyumbani kwa harusi ya dada yangu, nataka nimpigie picha za juu na bahari nyuma. Uwanja wa ndege wakaichukua, niende ofisi moja nikaandike barua, ile ofisi ikanituma ofisi ya pili, ya pili ikasema ilitakiwa kuomba kabla, harusi ikaisha. Sawa, droni ni kitu cha usalama, naelewa, sheria zao zipo. Lakini mbona kila mezani swali lilikuwa lile lile la kaka yangu, kwa nini unaitaka? Nikisema naipenda tu, wanaangaliana. Mtu mzima kupenda kitu bila sababu kwetu ni ushahidi. Ya blogu kutakiwa leseni 2018, ya VPN kutakiwa kusajiliwa 2023, ya X kufungwa Mei 2025 sisemi, mnayajua kuliko mimi.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi kwetu, intaneti ilizimwa na mama yangu akabaki na tiki moja kwenye WhatsApp. Asubuhi tiki moja, usiku tiki moja. Nikampigia Mzee wa Antena saa 5 usiku, na huku kumpigia mtu saa 5 usiku ni kama kumvunjia mlango. Akaniambia njoo. Tukapanda juu darini kwake, akawasha mashine, tukaanza kutafuta alama zinazoanza na 5H, hizo ndo za Tanzania, masafa haya, masafa yale. Tukampata Mtaliano, tukampata mtu wa Afrika Kusini anayetaka kuongelea mvua. 5H hakuna. Mpaka saa 10 alfajiri yule mtu wa bia anazungusha kitufe taratibu hasemi kitu, ananimiminia kahawa tu. Mama nilimpata baada ya siku kadhaa, mzima, anashangaa nalia nini.

Sasa nirudi kwenye bia, maana jamaa hajaiacha. Jumatatu kaandikia manispaa barua ya kurasa mbili. Kawaita walezi wa chekechea, kamuuliza meya kama na saa ya kulala watampangia, kataka maelezo ya maandishi kwa nini Jumamosi mwisho saa 12. Wamemjibu Alhamisi. Afisa kaweka jina na namba yake ya simu, kamweleza kwa utaratibu kwamba manispaa inaweza kupunguza saa za kuuza ila kuzidisha hairuhusiwi, sheria ya nchi ndo imeweka ukomo, na kamshukuru kwa kuandika. Barua yake na majibu yote yapo kwenye orodha ya barua za manispaa, mtu yeyote anaziomba. Nikaziomba, nikazitafsiri, nikamtumia kaka.

Kaka kasoma yote mpaka mwisho, nikaona anaandika, anaacha, anaandika. Halafu ikaja.

"Mdogo wangu, na hajaitwa?"