Komodo huua kwa mate, kwa sumu au kwa meno?

Kwa miaka mingi tumesimuliwa hivi: Komodo, kenge mkubwa wa visiwa vya Komodo, Rinca na Flores nchini Indonesia, humng'ata nyati, kisha humfuata polepole mpaka bakteria wa mate yake wammalize. Walter Auffenberg, mtafiti Mmarekani aliyeishi kisiwani Komodo mwaka 1969 na 1970, ndiye aliyeipa hoja hiyo uzito. Nyati kweli huponyoka wakiwa na majeraha, majeraha yakaoza, wakafa.

Mwaka 2009 Bryan Fry, mtafiti wa sumu za wanyama, na wenzake walikuja na jibu jingine. Walionyesha kuwa taya la chini la Komodo lina tezi za sumu inayozuia damu kuganda na kushusha shinikizo la damu. Kisha, mwaka 2013, uchunguzi wa Komodo wa bustani za wanyama ukakuta bakteria wa kinywani mwao hawatofautiani sana na wa wala nyama wengine. Wapo wanaoupinga uchunguzi huo wakisema Komodo hao hulishwa nyama safi, hivyo si kipimo cha wale wa porini. Pingamizi hilo ni la haki.

Lakini kwangu mimi, anayeiangusha hoja ya bakteria ni nyati mwenyewe. Nyati waliletwa visiwani na binadamu. Ni wakubwa mno kuuawa kwa urahisi, na wakijeruhiwa hukimbilia kwenye madimbwi yaliyojaa kinyesi chao. Kidonda kilichozamishwa humo kitaoza hata kama aliyeng'ata ana kinywa safi kabisa. Mtazame Komodo akimvamia kulungu au nguruwe mwitu, ndipo utaona anavyowinda hasa: huuma, huvuta kwa nguvu kurudi nyuma, na meno yenye makali kama msumeno hupasua nyama. Mwaka 2024 iligundulika kwamba ncha na kingo za meno hayo zimepakwa madini ya chuma.

Hapo ndipo hoja ya sumu nayo inapoyumba. Kulungu aliyepasuliwa tumbo au paja huvuja damu na kufa upesi. Sumu imeongeza nini? Tezi zipo, hilo silipingi, ila kuwa na sumu na kuua kwa sumu ni mambo mawili. Nitaridhika siku damu ya kulungu aliyeng'atwa porini itakapopimwa na kukutwa na sumu ya kutosha kumwangusha.