Kamba ya Mayo, kamba ya Jambiani

Wiki iliyopita nimelipa pesa, tena si kidogo, nifundishwe kusokota kamba. Mimi, mjukuu wa Jambiani, kijiji cha wasokota kamba Unguja! Bibi angekuwa hai angenizaba kofi.

Ilikuwa kijiji kimoja cha Mayo, magharibi ya Ireland. Kamba yao wanaiita súgán, ya mabua makavu. Mmoja hukaa kitako akilisha mabua kidogo kidogo, mwenziwe ana kijiti chenye ndoano, anakizungusha huku akirudi kinyumenyume. Ukizidisha mabua inakuwa nene kama mkono, ukibana inakatika. Ndizo walizofungia mapaa ya majani yasichukuliwe na upepo wa Atlantiki, na ndizo walizosukia viti.

Kijiti kilinishinda, nikaanza kusokota kwa viganja. Mzee aliyekuwa akitufundisha akasimama kunitazama. Nikamweleza: kwetu makumbi ya nazi hufukiwa pwani miezi kadhaa, yakishafukuliwa yananuka, wallahi yananuka, kisha hupondwa yakatoka usumba wa kusokota. Akacheka. Kumbe hata wao mmea wa kitani waliuozesha majini, na harufu yake ilikuwa balaa hilohilo.

Sasa, sisi tulio nje tunapenda kusema wazungu wanatunza vya kwao. Hebu tusidanganyane. Paa la majani hapa lilikuwa alama ya ufukara. Aliyepata pesa aliezeka kwa vigae vya mawe akashukuru. Yaliyobaki ni machache, kampuni za bima zinayaogopa, na matete mengi ya kuezekea yanaagizwa nje. Vifaa vya kazi hizo utavikuta Turlough, karibu na Castlebar, kwenye makumbusho ya maisha ya vijijini yaliyofunguliwa 2001. Nimeona huko sleán, sepeto la kukatia ule udongo mweusi wa kinamasi wanaoukausha wakauchoma kama kuni. Limewekwa kwa heshima zote. Jirani yangu analo lingine bandani, lina matope ya mwaka huu.

Kinachoniuma mimi ni bei. Hapa fundi wa paa la majani akitaja gharama yake, mwenye nyumba anameza mate, halafu analipa, na serikali ina ruzuku ya kumsaidia. Kwetu mama anashona makuti mpaka vidole vinachanika, mnunuzi wa hoteli anakuja kumbania shilingi mbili tatu, na mgeni analala chini ya makuti hayo kwa dola. Kisha tunaambiwa wanakijiji wanaharibu mandhari kwa mabati. Makuti hayadumu, na kila kuezeka upya ni pesa. Nyumba ya mama ina bati, nimelinunua mimi, na sijuti.

Kipande changu cha súgán nimefungia pazia la jikoni. Juzi nikampigia mama simu ya video nikamwonyesha. Akakitazama sana.

"Umekinunua bei gani?"

Nikamwambia sikununua, nimelipa kufundishwa. Akauliza kiasi gani, nikamtajia. Pakawa kimya, mpaka nikadhani mtandao umekata.